Injini Iliyobaki Hewani

Kila asubuhi, kabla king'ora hakijalia, mafundi wa karakana ya kuunganisha injini walijipanga mbele ya dirisha la stoo kuchagua vifaa vya kazi. Neno "kuchagua" lilitumika kwa heshima tu. Mama Stoo alisukuma nje boksi kubwa la mbao, na ndani yake mlikuwa na glavu zilizotoboka vidole, miwani yenye mikwaruzo mpaka dunia nzima inaonekana ina ukungu, helmeti za watu waliokwisha kustaafu, na buti ambazo, kwa sababu isiyojulikana, nyingi zilikuwa za mguu wa kushoto. Aliyewahi alipata. Aliyechelewa alifanya kazi na Mungu wake.

Nyuma ya Mama Stoo kulikuwa na kabati la vioo. Humo mlikaa glavu za ngozi nene, miwani ambayo bado imo kwenye nailoni, na buti mpya zenye chuma puani, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta ya nywele. Hizo zilikuwa za wageni. Wakaguzi wakija, walivishwa, wakapigwa picha, wakavuliwa, vifaa vikafutwa vumbi na kurudishwa kabatini.

"Mgeni akiumia hapa ni aibu," meneja alipenda kusema. Fundi akiumia ni nini, hakuwahi kufafanua.

Kipimo hakuwa mwanamke wa kugombania boksi. Alichagua taratibu, kama alivyofundishwa na kaka yake. Glavu unaivaa kisha unakunja ngumi: ikikubana utaangusha nati, ikilegea itaingia kwenye gia na kuuita mkono wako uifuate. Miwani unainyanyua kwenye mwanga utafute ufa. Spana ya kipimo, ile inayolia "ka!" nati ikifika kiasi chake, unaichagua kwa sikio. Inayochelewa kulia ni mwongo, na mwongo akikaza silinda hedi, atakayelia ni mwenye gari, tena barabarani. Ndiyo maana walimwita Kipimo, na jina lake la nyumbani wakalisahau.

"Dada, unachagua glavu kama mtu anayechagua mume," alisema Domo, fundi wa meza ya jirani, ambaye mdomo wake ulifika kazini kabla ya miguu.

"Mume ningemchagua hivi, saa hizi nisingekuwa nimerudi kwa mama."

Foleni ilicheka. Ndivyo siku zilivyoanza pale.

Meza ya Kipimo ilikuwa ya kaka yake kabla yake. Masika yaliyopita mnyororo wa winchi ulikatika, injini ikamshukia kaka, na kaka hakuinuka. Kampuni ilileta shada la maua, meneja alihudhuria mazishi na viatu vyake vikaingia matope kama vya watu wengine, na nafasi ya kazi akapewa mdogo wa marehemu, kwa kuwa utaratibu wao ulikuwa kwamba meza ya aliyefia kazini haitoki nje ya familia. Mnyororo nao haukutupwa. Waliziba pengo la pingili iliyokatika kwa bolti moja na nati yake, wakaipaka rangi ya njano ili ionekane ni mpango.

Kipimo aliitazama ile bolti kila siku. Aliomba mnyororo mpya mpaka maombi yenyewe yakachakaa.

"Umeshaagizwa," meneja alimjibu kila mara, kwa upole. "Uko njiani."

"Huo mnyororo unakuja kwa miguu?" Domo aliuliza, meneja alipokwisha kuondoka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Injini ilining'inia kwenye winchi, usawa wa kifua cha mtu mzima, na Kipimo aliketi chini yake kwenye kigoda akifunga nati za bakuli la oili. Alikuwa na nati mbili mkononi na moja kati ya meno. Juu yake bolti ya njano ikakatika. Mnyororo ulikimbia kwenye puli, ukadondoka sakafuni na kujikunja kama nyoka aliyechoka.

Injini haikudondoka. Iliyumba kidogo, kama mtu anayejiweka sawa mzigo begani, kisha ikatulia.

Kipimo aliitazama. Akatoa nati mdomoni, akaiweka mahali pake, akaikaza mpaka spana ikalia "ka!", kwa sababu kazi iliyoanzwa haiachwi katikati. Domo alikuja akapitisha mkono juu ya injini, pale mnyororo ulipokuwa, asiguse kitu.

"Umekatika," alisema.

"Nimesikia."

"Na haijaanguka."

"Ingeanguka usingepata wa kukujibu."

Mafundi walikuja mmoja mmoja, wakasimama duara. Mwanga uliopenya kwenye bati za kioo juu ya paa uliangukia chuma kile, kikang'aa mbavu zake zote, na chini yake kivuli kilitulia sakafuni bila kuguswa na chochote. Walivua helmeti, kama watu wanavyofanya jeneza likipita. Kitu kizito kuliko wanaume watano kilikuwa kimekaa hewani kwa adabu, na wao walikipa adabu yake.

Meneja alikuja akaizunguka, akainama, akaigonga kwa kalamu.

"Basi mnyororo si jambo la dharura tena," alisema, akaenda kusitisha oda. Jioni helmeti zilikusanywa pia, kwani kitu kisichoanguka hakikingiwi kichwa. Zikapelekwa getini, zikatiwa udongo na kupandwa maua, na kwa kweli maua yalistawi.

Kesho yake Kipimo aliona unyevu sakafuni. Alidhani ni oili inavuja, jambo ambalo lingemvunjia heshima, akachovya kidole. Haikuwa oili. Akakionja, kikawa na chumvi. Tone jingine lilidondoka kutoka mahali pasipo na kitu, usawa wa paji la uso wa mtu mrefu.

Akaingiza kichwa chini ya injini. Kwenye grisi ya tumbo lake kulikuwa na alama za viganja viwili, vidole vyote kumi, na kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwenda nje. Kidole hicho kilivunjika siku kaka alipokuwa anakimbia ameshika tandiko la baiskeli, anamfundisha yeye kuendesha, na hakikuunga vizuri.

"Shikamoo, kaka," alisema Kipimo.

Injini ilishuka kiasi cha ukucha, ikapanda tena. Mtu mwenye mzigo huitikia hivyo.

Alikaa palepale kwenye kigoda muda mrefu, mikono magotini. Si kurudi kwa kaka kulikomsumbua. Marehemu wana njia zao. Kilichomsumbua ni zile alama: zilikuwa za mikono mitupu. Mtu aliyemfundisha kwamba kazi huanzia kwenye glavu alikuwa amesimama hapo tangu jana, ameshika chuma chenye ncha bila hata kitambaa.

Akaenda stoo.

"Mama, naomba glavu."

"Za leo umeshachukua, mwanangu."

"Si zangu. Za kaka."

Mama Stoo aliweka kikombe chake chini. "Saizi gani?"

"Kumi."

"Boksini hamna kumi. Zilizobaki ni za mtoto wa shule." Wote wawili wakageuka kulitazama kabati. "Hizo ni za wageni," alisema Mama Stoo, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kubishiwa.

"Na yeye si mgeni? Ametoka wapi na wapi."

Mama Stoo alilipima neno hilo. "Ni kweli," alisema. "Hao wakaguzi wanatoka mjini tu." Akageuza ufunguo.

Kipimo hakuchukua jozi ya kwanza. Alivaa, akakunja ngumi, akavua. Alivuta mshono wa kidole gumba, kwa sababu uzito wa kubeba kutoka chini hukaa hapo. Alikataa zenye bitana laini, maana mkono wenye jasho ungeteleza ndani. Jozi ya nne ilimridhisha. Akarudi nayo mezani kwake, akainyoosha chini ya injini kwa mikono miwili, kama anampa mkubwa kitu.

Glavu zilijaa. Kidole baada ya kidole, polepole, mpaka kile kidogo cha kushoto kikatafuta mkunjo wake kikaupata. Injini ilipanda juu kidogo, na karakana nzima ikasikia mtu anashusha pumzi.

Mchomeleaji mzee aliweka chini mashine yake akasema, "Karibu tena, bwana." Domo, ambaye aliwahi kuchekesha watu makaburini, alirudi mezani kwake kwa ncha za vidole.

Meneja alifika kwa sababu mtu alimwambia kuhusu glavu, si kuhusu kaka.

"Nani ametoa vifaa vya wageni?"

"Kapewa mgeni, bosi," alijibu Mama Stoo.

Kipimo alisimama mbele yake, spana mkononi. Hakupandisha sauti. "Bosi, huyu ni kaka yangu. Anatokwa jasho tangu jana. Nunua mnyororo, aitue, aende akapumzike. Alishakufa mara moja kwa kazi hii, inatosha."

Kwa kumwona, meneja hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia. Aliziangalia zile glavu kwa muda, na macho yake yakalowa kweli, wote walimwona.

"Alikuwa fundi hodari," alisema. "Hodari sana." Akavaa kofia. "Lakini hebu tazameni wenyewe. Anatumia mikono miwili kwa injini moja."

Baada ya chakula foklifti ilikuja imebeba injini ya pili kwenye vyuma vyake vya mbele. Kipimo alisimama njiani, Domo akasimama pembeni yake, na mchomeleaji pia. Meneja aliwaambia kwa upole uleule kwamba meza za walio hai, wakifukuzwa, hazina utaratibu wa kubaki kwenye familia. Mchomeleaji alisogea kwanza, kwa kuwa alikuwa na watoto shuleni. Kisha Domo, akitazama chini. Kipimo hakusogea mpaka glavu ya kulia ilipoachia injini ya kwanza, ikamgusa bega, ikamsukuma kando taratibu, kama mtu anavyomwondoa mdogo wake barabarani.

Glavu ya kushoto ikahamia katikati ya mzigo wake. Ya kulia ikafunguka, kiganja juu, ikangoja. Foklifti iliitua injini ya pili hapo, ikarudi nyuma.

Zilikaa. Injini mbili nzima, moja huku na moja huku, kama sinia za mpakuzi kwenye karamu, na katikati yake hamna mtu. Dereva wa foklifti alizima mashine na kuweka mikono kifuani. Hata meneja alinong'ona, "Mungu ni mkubwa," kisha akauliza kama iko ya tatu.

King'ora cha kutoka kilipolia, wengine walikwenda kunawa. Kipimo alibaki. Jua la jioni lilikuwa limefika sakafuni, na kwa mwanga wake aliona saruji imebonyea kati ya injini mbili: nyayo mbili za peku, kina chake kama visahani vya chai, vidole vyote vikionekana.

Dirishani Mama Stoo alikuwa ameshafungua kabati. Kipimo alizibonyeza buti puani, akazikunja soli, akazisimamisha mezani kuona kama zinayumba. Za kutembelea aliziacha. Alichukua zenye kisigino kipana, za mtu wa kusimama.

Alirudi, akapiga magoti kwenye saruji.

"Inua mguu," alisema.

Buti ya kulia ilijaa. Kisha ya kushoto. Juu, injini hazikutikisika hata kidogo. Kipimo akamfunga kamba moja baada ya nyingine, mafundo mawili mawili, kwa kuwa kaka hakuwa na mkono wa kujifungia.