Mwanamke wa Upande wa Pili

Kila Ijumaa, wakati wenzake wakipanga foleni benki kuchukua noti, fundi saa alikwenda kutoa noti zake na kuchukua sarafu. Karani wa dirisha la mwisho alikwishamzoea. Alimsukumia vifurushi vya karatasi, vyembamba na virefu kama mishumaa, vyote vya sarafu ya tano, na fundi akavipanga ndani ya mkoba wa zamani wa mkewe. Nyumbani alitandaza taulo juu ya meza ya kulia, akawasha taa, akabana lenzi ya kazini kwenye jicho la kulia na kuanza kutafuta makosa.

Makosa yenyewe ni yale ya kiwandani: herufi iliyogongwa mara mbili, tarakimu ya mwaka iliyonenepa kuliko wenzake, mchoro uliokwenda upande kama kofia ya mlevi. Sarafu ya namna hiyo, ukimpelekea anayejua, haiwi tena ya tano. Fundi alikuwa amepata chache maishani mwake na hakuuza hata moja, kwa sababu kila aliyoipata aliipenda.

"Makosa yamejaa humu ndani," mkewe alizoea kumwambia akipitisha sahani juu ya taulo. "Unayafuata ya nini mpaka benki?"

Alikuwa na utaratibu wake. Sarafu aliigeuza upande huu, akaigeuza upande wa pili, akaizungusha ukingoni, na ikiwa haina kosa aliitia nukta ya rangi ya kucha ya bintiye, ili ikimrudia siku nyingine asipoteze muda. Kisha aliiweka kwenye bakuli na kuiambia, "Haya, pumzika." Hakuna aliyemfundisha. Mtu anayeshinda na saa zisizonyamaza huishia kuongea na vitu vidogo. Jumamosi alizirudisha zote kwenye benki nyingine, ng'ambo ya barabara, kwa kuwa ukizirudisha ulikozitoa utazikuta Ijumaa zinakusubiri.

Sarafu ya tano ilikuwa na nembo upande mmoja. Upande wa pili alikuwepo mwanamke aliyeinama na jembe. Watafuta makosa hawamtazami huyo mwanamke. Wanatazama herufi, mwaka na ukingo, na ndivyo fundi naye alivyomruka miaka nenda miaka rudi, ingawa alikuwa shangazi yake.

Shangazi aliishi nao, katika chumba kinachotazama uani. Alikuwa ameinama tangu usichana wake, kiuno kimekunjika, uso ukitazama ardhi, na kwa hiyo watu aliwajua kwa miguu. Alijua nani amebadilisha soli, nani amevaa soksi za mumewe, nani amekuja na habari mbaya na anasitasita mlangoni. Kisa chake kilikuwa kifupi. Siku moja, akiwa msichana, alikuwa akilima, akapita bwana mmoja mwenye penseli na kiti cha kukunja. Bwana akamwomba abaki vilevile, ameinama, asitikisike mpaka amwambie apumzike. Akamchora. Likaja gari kumchukua, akapanda, akaenda zake.

"Hakuniambia nipumzike," Shangazi alimalizia kila mara. "Na mimi nikiahidi nimeahidi."

"Shangazi naye, kichwa ngumu!" waliitikia watu wa nyumba nzima, wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Sasa binti wa fundi alikuwa anaolewa. Shangazi hakutaka nguo mpya wala kiti cha mbele. Alitaka kitu kimoja: kumwona bibi harusi usoni, wote wawili wakiwa wamesimama.

"Uso wako niliujua ulipokuwa unatambaa," alimwambia, akimpapasa kifundo cha mguu. "Ulipoanza kurefuka ukanipita. Picha nimeziona, lakini picha haikutazami."

Binti akajilaza sakafuni papo hapo ili watazamane. Shangazi akamfukuza, akasema hataki kumwona bibi harusi amelala chini kama mkeka. Jambo hilo lilimuuma binti. Alipika huku analia, na chakula cha siku ile kikazidi chumvi.

Ijumaa iliyofuata fundi akakuta kosa. Mwanamke wa sarafu alikuwa amenyooka. Jembe alikuwa ameliegemeza begani, mkono mmoja ameshika kiuno, mwingine amekinga jua. Fundi alipima uzito, akakagua ukingo, akaona kila kitu kiko sawa. Akaifunga kwenye kitambaa na kuipeleka kwa mkusanyaji mmoja mwenye duka la stempu na sarafu za zamani, ambaye hata watoto wake walimwita Bwana Albamu.

Bwana Albamu aliitazama kwa muda. Kisha akaonyesha nukta ya rangi ya kucha.

"Hii ilishapita mikononi mwako?"

"Inaonekana ilishapita."

"Na siku hiyo alikuwa ameinama?"

"Wote walikuwa wameinama."

"Basi haina thamani, ndugu yangu. Kosa lazima lizaliwe kiwandani. Huyu ameinuka mwenyewe huku mitaani. Hilo sisi tunaliita uharibifu." Akamrudishia, akamshauri akanunulie kiberiti.

Fundi alirudi nyumbani amenyong'onyea, akaeleza yote mezani. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Shangazi.

"Shangazi, mbona leo muuza maziwa umemwita mwenye magoti makubwa? Siku zote si mwenye ndala za bluu?"

"Nimeyaona magoti yake," alisema Shangazi. "Siku hizi naona magoti. Nayo ni mazuri, tusiyadharau."

Fundi akaleta kifurushi kipya. Sarafu zote zilikuwa na mwanamke aliyeinama. Akamimina kiganja kizima juu ya taulo, akaziambia moja moja, "Haya, pumzika," na wakazisubiri huku wakimenya machungwa. Kabla machungwa hayajaisha, wanawake wote wa taulo walikuwa wamenyooka, kila mmoja na jembe lake begani. Shangazi akasema kiuno kimelia 'ka', na kwamba sasa anaona kifungo cha chini cha shati la fundi, nacho kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Mweupe ulikuwa umekwisha," alisema mke wa fundi.

Kwa hiyo kazi ilijulikana. Lakini sarafu zilikuwa nyingi kuliko mchanga, harusi ilikuwa inabisha hodi, na fundi aliona kuna njia fupi. Kiwandani upo muhuri ambao sarafu zote hugongwa nao. Mtu akiuambia muhuri, sarafu zote zimesikia. Jumatatu asubuhi akamshika Shangazi mkono wakaenda benki kuomba.

Mlangoni Shangazi alisimama kusalimiana na mfagiaji wa benki, mwanamke aliyemjua kwa mguu wa kushoto, ambao kidole chake kidogo kilikuwa kimempanda jirani yake.

"Kiuno vipi, Shangazi?" mfagiaji aliuliza.

"Kinapanda, mwanangu. Chako?"

"Changu siku hizi kinashuka. Nikiinama kufagia, kuinuka ni kazi."

Meneja alikuwa mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa, na Shangazi alivifurahia. Hakubisha kwamba wanawake wananyooka. Habari hizo alikuwa nazo, kwa sababu mashine ya benki ya kuhesabia sarafu ilikuwa inawatema. Alimsikiliza fundi, akamkaribisha Shangazi kiti, akakumbuka kwamba hawezi kukikalia, akaomba radhi.

"Lakini mama yangu," alisema, "huyo kwenye sarafu si mtu. Ni alama. Alama ya kazi ya nchi nzima."

"Alama inaumwa kiuno, mwanangu."

"Alama haiumwi."

"Na ningekuwa mtu?"

Meneja alifikiri kwa dhati. "Ungekuwa mtu ungekuwa na jina, na ingebidi uombwe ruhusa, na ulipwe," alisema. "Unaona mwenyewe kwamba haiwezekani." Akawasindikiza hadi kwenye dirisha la mwisho na kuagiza wapewe vifurushi vingi kadiri watakavyo, maana chumba cha sarafu kilikuwa kimejaa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wa harusi hii hawakungojea siku ya tatu. Kila aliyeingia na sanduku alipewa chai kwa mkono wa kulia na kifurushi kwa mkono wa kushoto, akaonyeshwa taulo. Nyumba ikajaa sauti za watu wanaonong'ona, haya pumzika, haya pumzika, jikoni, uani, ngazini, hata chooni. Mjomba mmoja aliyejiona hodari alifungua karatasi na kuzihutubia sarafu zote kwa pamoja, na wanawake wa sarafu zake wakainuka wamepinda, huyu ameegemea kulia, yule kushoto. Mke wa fundi akamrudishia bakuli lote aanze upya.

"Sema na kila mtu peke yake," alimwambia. "Wewe ungependa kupewa pole ya jumla?"

Fundi peke yake ndiye aliyekuwa nyuma. Hakuweza kuiambia sarafu ipumzike kabla hajaikagua, hata watu wamzomee vipi, na Alhamisi akaruka kutoka kitini akipiga kelele. Nyumba nzima ikakimbilia kwake ikidhani Shangazi amesimama. Kumbe amepata herufi iliyogongwa mara mbili. Walimpa hongera fupi wakarudi kazini.

Shangazi naye alikuwa anapanda. Alivuka magoti akafika mikanda, na hapo akagundua kwamba wanaume wote wa ukoo wana vitambi, jambo ambalo miguu ilikuwa imemficha. Akafika vifungo vya kati. Akafika shanga za shingoni, akamwambia dada wa mkwe kwamba zake zimefungwa kinyume. Ijumaa alikuwa anaona videvu, na akaenda kulala akiimba.

Asubuhi ya harusi alitoka chumbani akagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango. Ilibainika kwamba ndiye mrefu kuliko watu wote wa ukoo ule, wanaume wakiwemo, na hakuna aliyekuwa akilijua hilo.

"Mlango huu mliuweka chini," alisema, akisugua paji la uso, akapita.

Bibi harusi alikuwa amesimama katikati ya sebule akifungwa vifungo vya mgongoni. Shangazi alimsogelea, kwanza akatazama miguu kwa mazoea, kisha akapandisha macho taratibu hadi usoni. Wanawake waliokuwa wakifunga vifungo waliacha. Shangazi alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, na furaha aliyokuwa nayo ilimzidi, ikamtoka kwa machozi.

"Kumbe una pua ya mama yangu," alisema.

"Na wewe una macho ya nani, Shangazi?"

"Ya kwangu mwenyewe. Sijayatumia sana."

Wakaangua kicheko, wakalia, wakacheka tena, na poda ya bibi harusi ikabidi ipakwe upya. Siku ile Shangazi alicheza mpaka wanamuziki wakaomba maji. Alizunguka meza zote akiwatambua watu kwa viatu, kisha akiinua macho kuwaona. "Kumbe ndivyo ulivyo!" alimwambia muuza maziwa. "Zile ndala zako zilikuwa zinakusingizia."

Harusi ikapita, wageni wakaondoka na masanduku yao. Ijumaa iliyofuata fundi alikwenda benki kama kawaida. Karani akamweleza kwamba sarafu ya tano ya zamani inaondolewa, kwa sababu mashine haiisomi tena, na kwamba kiwanda kimetoa mpya. Akamsukumia vifurushi. Vilikuwa bado vinanukia mafuta ya mashine.

Nyumbani fundi alitandaza taulo na kufungua kifurushi cha kwanza. Nembo ilikuwa ileile. Safari hii aligeuza upande wa pili kabla ya kutazama mwaka. Alikuwepo mwanamke aliyeinama, akivuna, na hakuwa Shangazi. Alikuwa kijana zaidi, kilemba amekifunga kwa nyuma, uso umefichwa na mkono.

"Hebu," alisema Shangazi. Akabana lenzi jichoni, akaishika sarafu chini ya taa. Uso hakuuhangaikia. Alitazama mguu wa kushoto, na hakutazama sana.

"Huyu tunasalimiana," alisema. "Kidole kidogo kimempanda jirani yake. Ni mfagiaji wa benki."

"Ndiyo maana kiuno chake kinashuka," alisema mke wa fundi. Akaondoa sahani mezani bila kuambiwa na kwenda kutafuta taulo la pili.

Huko kiwandani mashine zilikuwa zikiendelea kugonga, zikitoa sarafu kwa magunia. Shangazi akavuta kiti, akaketi wima, akachukua sarafu ya kwanza na kuisogeza karibu na uso wake ili waonane.

"Haya, mwanangu," alimwambia, "pumzika," na akanyoosha mkono kuchukua ya pili.