Mgonjwa wa Mazoezi

Kazi yangu ilikuwa kulala. Shangazi, anayefanya usafi katika hospitali ile, ndiye aliyenitafutia. "Wewe si hupendi kuongea na watu?" aliniambia. "Basi huko wanataka mtu wa kunyamaza."

Madaktari wa vijijini walikuwa wamekuja kujifunza kuwahi wagonjwa wa dharura: waliogongwa, walioanguka, waliokatwa na mashine. Mgonjwa wao nilikuwa mimi. Nilifungwa mfuko wa maji mekundu pajani, nikafunikwa shuka, nikalazwa katikati ya ukumbi na kufumba macho. Daktari akikandamiza jeraha, mkufunzi aliufunga mrija wa mfuko. Mkono ukiondoka, aliufungua. Maji yakiisha, nimekufa.

Kufa kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Feni ilizunguka juu yangu polepole, mapazia yakavuta pumzi na kuishusha, na kitanda kikaanza kuelea. Sauti za watu zilinijia kwa mbali, kana kwamba nimezamisha kichwa ndani ya pipa la maji. Yale maji mekundu yalikuwa ya uvuguvugu. Yaliposhuka kuelekea gotini, nami nilishuka nayo, bila haraka, bila kuulizwa jina.

Aliyekuwa akinirudisha ni shangazi. Alikuwa amepewa kazi ya kuwa mama wa mgonjwa, akaambiwa alie kidogo ili amsumbue daktari. Kidogo!

"Mwanangu eee! Nimezaa mmoja tu, na huyo mmoja mnaniulia!"

Nilibana midomo. Maiti gani inacheka?

Kati ya madaktari alikuwapo mmoja mrefu, mpole, ambaye shangazi alimpachika jina la Peke Yangu. Kituo chake cha afya kilikuwa kimejengewa chumba cha dharura, lakini chumba hicho kisingefunguliwa mpaka yeye afaulu mafunzo haya. Watu wa kule walikuwa bado wanabebwa hadi mjini, na wengine hawakufika. Sasa alikuwa amebakiwa na jaribio moja tu.

Na kila mara aliniua vilevile. Alikandamiza paja, akaacha, akakimbilia dripu, akarudi, akaacha tena, akafuata oksijeni. Wauguzi wawili walisimama pembeni, wamekatazwa kusogea mpaka waambiwe. Hakuwaambia.

"Una watu wawili pale," mkufunzi alimwambia. Alikuwa mama mkali mwenye sauti ndogo. "Umewaona ni makabati?"

"Nimezoea, dokta. Kule niko peke yangu."

"Haya. Umezoea, na mgonjwa amekufa."

Walipotoka kupumzika, Peke Yangu alibaki. Nilikuwa nimekaa kitandani nikijikausha mguu.

"Samahani, dada. Nimekuua tena."

"Hakuna neno," nikasema, macho chini.

"Ukiwa umelala pale, unasikia nini?"

Nilitaka kunyamaza kama kawaida yangu. Lakini aliuliza kama mtu aliyepotea anavyouliza njia.

"Viatu vyako," nikasema. "Vinakuja, vinaenda. Wewe mwenyewe sikusikii."

Aliviangalia viatu vyake. "Mbele za watu ulimi wangu unakuwa mzito."

"Hata wangu," nikasema. Nikaona aibu, nikalala na kufumba macho kabla ya wakati.

Basi wakarudi wote, na jaribio la mwisho likaanza. Viatu vikaja. Safari hii vilisimama.

"Dada, mimi daktari. Niko hapa."

Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa sauti. Kiganja kikatua pajani, maji yakakoma. Nikangoja awaite wauguzi. Hakuwaita. Kisha nikahisi kiganja kinalegea, kinaondoka kuelekea kwenye dripu. Maji yakaanza tena, nami nikaanza kuzama. Huko chini nikakiona chumba nisichowahi kukiona: kipya, kinanukia rangi, mlango umefungwa, na watu wamekaa kizingitini na mgonjwa wao kwenye shuka. Hawakugombana na mtu. Walikuwa wananitazama.

"Mama!"

Shangazi alikatishwa katikati ya kilio. "Abee?"

"Acha kulia, njoo hapa. Weka mikono juu ya jeraha. Lalia kwa uzito wako wote, na usitoe mpaka nikuambie."

Shangazi yangu si mwembamba. Nilikaribia kupiga kelele.

"Wewe wa kushoto, weka dripu," sauti ikaendelea, na sasa haikutetemeka. "Wewe, lete oksijeni. Ukiwa tayari niambie."

"Dripu inaingia, dokta."

"Oksijeni tayari."

Viatu vingi vilinizunguka. Kila aliyekuja aliacha neno, na maneno yale yakanishika huku na huku kama watu wanaobeba machela. Nikapanda nao.

"Simama," mkufunzi akasema. "Yule mama nilimweka akusumbue. Nani alikuruhusu kumpa kazi?"

"Kule kwetu ndugu wa mgonjwa ndio watu nilionao, dokta. Nilipomwita yeye, na hawa wengine nikawaona."

Mkufunzi akafunua shuka, akauminya mfuko.

"Maji yamebaki mengi tu," akasema. "Yuko hai. Nenda kafungue chumba chako."

Wakapiga makofi. Wenzake wakamzingira wakimpigapiga mgongoni, naye akacheka kicheko kirefu. Mimi nilikuwa bado naelea nusu, isipokuwa mguu.

"Shangazi, inatosha," nikanong'ona.

"Nyamaza, umezimia," akanijibu kwa kunong'ona pia, jasho likimdondoka. "Daktari hajaniambia nitoe."

Tukatulia hivyo hivyo, tukamngoja ageuke.