Maharage katika Sanduku la Samaki

Clotilde aliporudi Goma baada ya miezi minane ya ukimbizi Kampala, alimkuta mwanamke mwingine akifanya kazi yake.

Kampuni walikuwa wameianzisha wawili, yeye na Evariste, katika chumba kimoja cha mtaa wa Majengo. Wateja waliagiza kwa simu, na tilapia wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi Ziwa Edward, waliwafikia mlangoni ndani ya masanduku ya barafu. Kisha vita vikakata barabara ya Rutshuru, njia ya samaki hao. Clotilde akavuka mpaka na wanawe. Evariste akabaki, akijikaza na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, ambao kila mtu mjini alikuwa akiuza.

Yule mwanamke aliitwa Nyiransengimana. Alikuwa amekimbia kwao Rutshuru, akilala chini ya hema kambini Kanyaruchinya. Alianza kwa kuosha masanduku. Sasa yeye ndiye aliyepokea simu, na wateja walimtaka yeye.

"Sambaza hazitulishi tena," Evariste alimwambia Clotilde. "Kesho tunakaa wote tuchague kazi mpya. Wewe utatuongoza. Utusikilize, utusaidie kupatana."

Clotilde alikubali, lakini neno lile lilimchoma. Mwenye nyumba haombwi kusaidia. Anayeombwa ni mgeni.

Kesho yake walikaa wanne. Mulumeoderhwa, dereva wa pikipiki, alitaka wasafirishe vifurushi vya watu. Clotilde alileta wazo la samaki wa barafu kutoka Kampala. Akaona Evariste akimpitishia Nyiransengimana kalamu bila hata kumtazama, kama watu waliozoeana kazini. Zamani kalamu ile ilikuja kwake.

"Mimi nawaza maharage," Nyiransengimana alisema. "Makala ya jiko imepanda bei sana. Watu wanaacha kupika maharage kwa sababu inakula moto. Tupike sisi, nyungu kubwa, tuwapelekee iliyoiva."

"Itafika baridi," Clotilde alisema.

Nyiransengimana akavuta sanduku moja la samaki, akalifungua. Mvuke ukapanda. Alikuwa ameyatia maharage mle alfajiri, na sasa ilikuwa saa tano.

"Yatanuka samaki."

"Nimelisugua na majivu na ndimu, siku tatu. Nusa, mama."

Mulumeoderhwa hakunusa, alichota kwa mkono akala. Evariste alicheka kicheko ambacho Clotilde hakuwa amekisikia tangu arudi. Masanduku yale alikuwa ameyanunua Clotilde mwenyewe. Miaka miwili aliyatazama kila siku, na hakuwahi kuwaza kwamba kinachozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke.

Ndipo maneno yakamponyoka.

"Na huyu tunamujua kweli? Ametoka upande ule. Tumuachie namba na nyumba za watu wote wa muji?"

Mwaka ule, kwa neno kama hilo, mtu angeitwa jasusi wa waasi na kuburutwa barabarani.

Nyiransengimana alifunika sanduku polepole. "Upande ule niliacha kaburi ya bwana yangu," alisema. "Sina kitu kingine kule."

"Clotilde," Evariste alisema kwa sauti ya chini, "ile neno ikitoka kwa mulango huu, inaua mutu. Na unajua."

Clotilde angeweza kusema kwamba lilikuwa swali la kazi tu.

"Najua. Ni wivu umesema. Nilimukuta anafanya kazi yangu kunishinda." Akamsogezea Evariste karatasi ya mkutano. "Ongoza wewe. Mimi siwezi kupima maneno yenu leo."

Evariste akaanza upya, akimpa kila mtu nafasi aseme na kuulizwa. Waliuliza maji yatatoka wapi, nani atapika, na siku za risasi wafanye nini. Mulumeoderhwa mwenyewe aliacha wazo lake la vifurushi. "Bibi yangu, mama ya watoto wangu, anapika maharage mara moja kwa juma," alisema. "Akipata iliyoiva, atanunua kila siku." Mikono ikapanda kukubali maharage. Wa Clotilde ulikuwa wa mwisho, ila ulipanda.

Alipewa kazi ya kutafuta maharage sokoni. Jioni ileile alimfuata Nyiransengimana uani, akamwomba msamaha.

"Nimesikia," Nyiransengimana alisema, akaendelea kuchambua mawe katika maharage. Hakusema zaidi, si siku ile wala juma lile.

Maharage yalipata wateja. Mwezi wa tatu Nyiransengimana aliweza kupanga chumba na kuhama kambini. Clotilde alikwenda asubuhi, bila kuombwa, akajitwisha godoro kichwani. Walitembea juu ya mawe meusi ya volkano wakisema machache. Njiani wanawake wawili walimsalimu Nyiransengimana kwa furaha, "Mama wa maharage!", na Clotilde akasikia moyo ukimuuma palepale pa zamani. Hakusimama.

Walipofika, Nyiransengimana alimtua godoro, akalisimamisha ukutani.

"Upumuzike kwanza, Mama Clotilde," alisema. "Maji iko."