Mikeka Miwili ya Mwalimu Abdulhalim

Mimi sikuzaliwa kuosha mikeka. Sisemi kwa kiburi. Nasema kwa sababu mgongo unaniuma, na mwenye kuumwa ana haki ya kusema, hata kama wasikilizaji wake ni ukuta na paka.

Kazi za maji katika nyumba yetu ya mtaa wa Langoni zilikuwa za Barka, aliyekuwa mtumwa wa baba mkwe wangu. Mwaka ambao Serikali ilitangaza kwamba hakuna tena mtumwa katika nchi hii, Barka alifunga leso zake mbili, akaniambia, "Bi Radhiya, mie nenda zangu," akapanda chombo cha Malindi. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningeondoka bila hata kuaga. Lakini tangu siku hiyo kamba ya kisima ikawa mkononi mwangu, na haukupita mwezi wa nne mume wangu akapooza.

Mume wangu, Mwalimu Abdulhalim, alisomesha fiqhi kwa miaka thelathini. Watu walitoka Pate na Faza kuja kukaa mbele yake. Usiku mmoja alilala mzima, asubuhi nusu ya mwili haimtii. Ulimi ulirudi baada ya wiki tatu. Mkono na mguu havikurudi. Na mkojo ukawa unamtoka bila yeye kujua, usiku na mchana, kama mtungi ulioingia ufa.

Siku ya kwanza nilipomgeuza nikaona, alifumba macho. Akasema, "Radhiya, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nami si maiti bado. Jambo hili lisitoke nje ya mlango huu."

Nikamwapia. Nani angekataa, mtu amelala pale anatetemeka mdomo?

Basi tukawa na mikeka miwili. Mmoja chini yake, mmoja juani. Kila wakati wa sala ulipoingia aliniita kutoka chumbani: "Radhiya! Mkeka umetwaharika?" Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Nami nampindua ubavuni, nauvuta ule wa chini, nautandika mkavu, namsafisha, namtawadhisha, anaswali kwa kichwa na macho. Halafu mimi na mkeka tunakwenda kisimani.

Anayedhani mkeka huoshwa kama nguo hajaosha mkeka. Ukiukamua, miyaa, yale majani yaliyosukwa, inavunjika. Ukisugua kukata ukili, ile mistari ya msuko, mishono inaachia, ukesha na sindano nene ukishona upya. Husuguliwa kwa kumbi la nazi, kufuata ukili, mstari mmoja mmoja, halafu maji ya kumimina, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka harufu iishe. Kisha unauegemeza ukutani uchuruzike, ndipo uuanike, lakini si jua la saa sita, maana jua hilo huufanya ukauke kama kaa na kumchoma mtu mgongoni. Na maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Mkeka wenye chumvi haukauki kabisa. Unakuwa na unyevu unyevu, na mgonjwa anatoka vidonda. Kwa hiyo ndoo ya mwisho lazima iwe ya maji matamu, na maji matamu yanatoka Shela kwa punda. Mara tano kwa siku. Masika ilipoingia, mikeka ikawa haikauki, nikawa naipepea kwa kipepeo cha moto juu ya jiko la makaa, nakohoa mimi, nacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Mwaka na miezi mitatu, jamani. Vidole vyangu vilichubuka mpaka nikala wali kwa kijiko. Jirani yangu Bi Hadia aliniuliza, "Hivi wewe, mikeka yako ina nini?" Nikamwambia Mwalimu anapenda usafi. Akasema, "Hongera, mume wangu mimi hata miguu haoshi." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mara nyingi nilimkasirikia Mwenyezi Mungu, nikastaghafiru, nikamkasirikia tena. Nilichoka. Sina neno jingine la kupamba. Nilichoka mpaka nikawa naona wivu kwa paka aliyelala darini.

Alhamisi moja baada ya alasiri akaja Madi, mume wa binti yangu Umulkheir. Wao waliishi Pate, mwendo mfupi kutoka bandari ya Mtangawanda. Alikataa hata kahawa. Akasimama tekani, pale penye mlango wa nje, kofia mkononi.

"Mama, Umulkheir tumbo limeshuka. Mkunga asema siku mbili tatu. Miguu imemvimba, anaogopa. Tangu jana hasemi ila 'mama'. Jahazi letu litatoka keshokutwa asubuhi, maji yakitoka."

Mimba yake ya kwanza. Mwanangu wa pekee aliyebaki hai kati ya wanne. Na mama yangu mimi alikuwa amenishika mabega kila nilipozaa, mara zote nne.

"Nitakuja," nikamwambia. Ulimi ulisema wenyewe. Madi alipotoka kwenda kwa jamaa zake, nikakaa chini nikajiuliza: nani atakayeosha mikeka? Nikimwita Bi Hadia, siri imetoka. Nikimwajiri mtu, siri imetoka, na tena kwa mshahara. Na bila kuosha, mume wangu haswali, na mtu aliyesomesha sala miaka thelathini atakufa kwa jambo hilo kabla ya ugonjwa.

Nilimwambia habari ya Umulkheir. Akasema, "Na mikeka?" Hilo tu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi alikuja Sheikh Jeilani kumsalimia. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa ana darsa yake mwenyewe. Siku hizo nafukiza udi mpaka macho yanawaka, asije akanusa kitu. Alipokwisha kumsalimia na kushuka, nikamsimamisha tekani, mimi nyuma ya pazia.

"Sheikh, nina swali. Si langu. Ni la jamaa yangu mmoja, mtu mzima, mgonjwa, hawezi kuzuia mkojo. Mkewe anaosha mkeka kila wakati wa sala. Amechoka. Dini yasemaje?"

Nilimsikia akishusha pumzi.

"Bi Radhiya, huyo mke atauawa bure. Mgonjwa wa namna hiyo ana udhuru. Wakati wa sala ukiingia asafishwe, afungwe kitambaa safi, atawadhishwe, itandikwe nguo kavu tahara juu ya mkeka, aswali hapo hapo. Kikimtoka kitu katikati, amesamehewa. Mkeka uoshwe inapowezekana, hata mara moja kwa siku. Dini haikuja kumvunja mtu mgongo."

Nikashika pazia.

"Una hakika?"

Akacheka, kwa upole, hakuwa na ubaya. "Hakika? Mbona hukumwuliza Mwalimu mwenyewe? Mlango huo wa fiqhi ndio alioupenda kuliko yote. Alitusomesha mpaka tukauota. Kila alichokisema ndicho nilichokwambia."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nakumbuka ngazi. Nilipanda ngazi zile kama mtu aliyebeba gunia, na kila daraja nilisema, mwaka na miezi mitatu, mwaka na miezi mitatu.

Alikuwa ametazama mlango. Nadhani aliniona usoni kabla sijasema.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakuuliza nini.

"Ulijua, Abdulhalim!" Katika miaka ishirini na saba sikuwahi kumwita kwa jina tupu. "Nguo juu ya mkeka! Nguo tu! Tazama vidole hivi. Tazama! Umenitekesha kisima kizima kwa jambo ulilowasomesha watoto wa watu kwamba si lazima! Umeniona nikilia kule uani, dirisha hili latazama uani, umeniona! Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Alijaribu kugeuza uso, shingo haikumtii vizuri, ikabidi aendelee kunitazama.

"Hukunikosea," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Wakati ule wa kwanza, watu walikuja. Nyumba ilijaa. Halafu wakaacha, mmoja mmoja, akabaki Jeilani wa Ijumaa. Nawe ukimaliza kunilisha ulishuka ukaenda kwenye mambo yako. Nikawa nahesabu boriti. Lakini nikisema mkeka, waja. Wanishika. Wanigombeza. Waniambia Bi Hadia kasema nini." Akameza mate. "Katika miaka yote hatukukaa pamoja kama mwaka huu. Mimi nilikuwa na darsa, wewe na jiko. Niliona haya kukuita bure."

Nilitaka kumpiga. Wallahi, mkono uliinuka. Kisha ukashuka, maana ulikuwa umechoka hata kupiga.

"Ungaliniambia njoo, ningalikuja," nikasema. "Mpumbavu mkubwa wewe. Ningalikuja."

Tukalia wote wawili, kila mtu upande wake, kwa hasira mimi, yeye sijui kwa nini. Kisha nikapangusa uso kwa ukaya wangu wa kichwani, nikamwambia, "Kesho naenda kwa Umulkheir. Sheikh Jeilani atakuja kukutunza. Nitamwambia kila kitu."

"Usimwambie, Radhiya. Nakuomba."

"Nitamwambia. Kiapo hicho nilikuapia kwa ajili ya aibu yako, si ili nikutekee maji bure. Sasa huna haki nacho."

Jioni nilimwita Sheikh Jeilani nikamwambia. Akasema yeye na Mwalimu wana hesabu ndefu ya fadhila, na kuinua mwili wa mwalimu ni kidogo katika hesabu hiyo. Bi Hadia nikamweleza ukweli na kumwachia kazi ya kupika, yeye alinipiga kofi la bega, akaniambia, "Mwaka mzima unanidanganya na usafi! Shenzi wee!" halafu akanikumbatia.

Jumamosi Sheikh alifika mapema, akavua joho, akakunja mikono ya kanzu. Nilimwonyesha jinsi ya kumpindua, nguo ziliko, kitambaa kifungwe vipi. Mume wangu alitazama boriti muda wote. Wakati mwanafunzi wake anamwinua kiuno, machozi yalimtoka kwa pembe za macho yakaingia masikioni, na hakuna aliyeyapangusa, maana Sheikh alijifanya hayaoni, nami niliogopa.

Mkeka mmoja tu ulioshwa asubuhi ile, na aliyeuosha ni Sheikh, si mtu wa nyumba hii. Nilisikia maji yakimwagwa kisimani nikakaa na mikono mapajani, sijui niifanyie nini.

Madi akapiga hodi. Maji yalikuwa yanatoka, jahazi lisingengoja. Nikajitanda, nikachukua furushi, nikaingia chumbani kuaga. Nilimbusu mkono, ule mzima. Nilipotaka kuinuka, mkono ule ukanishika.

"Radhiya," akasema. "Kaa."

Hakusema mkeka. Hakusema sala. Alisema kaa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyevuka jambo zito. Nami nilitaka kukaa, Mungu shahidi. Magoti yalitaka, mgongo ulitaka. Ningekaa pale kitandani mpaka adhuhuri bila kazi yoyote mkononi, nikamwambia habari za watu wote wa Langoni.

"Mama!" Madi aliita kutoka chini. "Maji!"

"Siwezi," nikamwambia mume wangu. "Leo siwezi. Mwanao aniita."

Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Kwa mwaka na miezi mitatu aliniita kwa mkeka, nikaja kila mara. Siku aliyoniambia kaa, bila mkeka, nilimwacha.

Njiani kwenda pwani Madi aliniona nalia, akaniambia nisiogope, Umulkheir ana nguvu, atajifungua salama inshallah. Nikamwambia amina.