Sita ya Ghorofa ya Tisa

Uliiona ile alama ya sita, ukapita. Usinitolee macho. Uliiona kwenye kona ya ukurasa, nyeusi, imezungushiwa duara, ukasema, "Aa, mchezo wa kawaida huo," ukageuza ukurasa. Maneno mia sita yaliyokuwa chini yake hukuyagusa. Ungeyasoma, ungekuta aya ya tatu inalaumu kitu ambacho hakiwezekani, nawe ungeuliza kulikoni. Hukuuliza. Kazi ya kuuliza umewaachia wenye dada zao.

Basi mimi ninaye dada, na nitakueleza ile sita ilivyozaliwa, maana nilikuwepo chumbani.

Jarida lile la michezo ya video, unalolisomea kwenye simu, lina chumba cha majaribio mwisho wa korido, hakina dirisha. Meza ndefu, skrini nne, mashine za gemu nne, moja ya kila aina, na viti vitano ambavyo kimoja hakikaliki. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza padi za kuchezea: vitufe vinavyoganda, springi zilizochoka, nyaya zilizosagwa na magurudumu ya viti. Miaka sita nimekaa kwenye kona ile na bisibisi yangu, na miaka sita nimesikia hukumu zikitolewa. Sisahau. Mwaka wangu wa pili mchezo mmoja wa mpira ulipewa tano kwa sababu "wachezaji wanageuka kushoto kwa shida." Wachezaji walikuwa wazima. Padi ndiyo iliyokuwa mbovu, ile ile niliyoibandikia karatasi: USITUMIE, KUSHOTO KUMEKUFA. Mhakiki aliibandua karatasi, akaandika juu yake namba ya simu ya kinyozi wake.

Humo ndani kuna kanuni ambayo hutaikuta imeandikwa. Mchezo mkubwa, wenye matangazo mpaka ubavuni mwa mabasi, unachezwa hadi mwisho. Mchezo mbovu nao unachezwa, maana kuutukana kuna raha yake. Ila mchezo wa katikati, ule usiotia watu wazimu wala kichefuchefu, unapewa saa tatu, maneno mia sita, na alama sita kati ya kumi.

"Sita haina kesi," alikuwa akisema Profesa. "Aliyeupenda atashukuru kwamba si tano. Aliyeuchukia atashukuru kwamba si saba."

Profesa ni mhakiki mkuu. Jina walimpa wenzake kwa kuwa hawezi kuomba hata chumvi bila kutanguliza "kimsingi."

Mchezo wa dada yangu ni wa katikati. Nalisema mimi mwenyewe usije ukanigeuzia kibao. Unaitwa *Ghorofa ya Arobaini*. Wewe ni fundi lifti, umo ndani ya jengo ambalo umeme wake una kigeugeu, na unatakiwa ufike juu. Ghorofa ya chini kuna mama mfagiaji. Anakufundisha kupiga mluzi. Ukipiga mluzi mlangoni mwa lifti, mwangwi wake unakuambia kama lifti ni salama au itakuangusha. Mchezo mzima umejengwa juu ya mluzi huo. Picha zake ni za kawaida, mazungumzo mengine yanachosha, na ghorofa ya ishirini na mbili niliwaambia waifute wakakataa. Ni mchezo wa saba. Watu kumi na mmoja waliutengeneza kwa miaka mitatu katika vyumba viwili juu ya duka la magodoro.

Na maisha ya hao kumi na mmoja yaliwekwa mahali pamoja tu. Msambazaji wao aliandika kwenye mkataba: wahakiki kumi na wawili wakishatoa alama, wastani ukifika sabini na tano kwa mia ifikapo Ijumaa saa kumi jioni, studio inaendelea na sehemu ya pili. Usipofika, inafungwa. Hakuna aliyeulizwa kama sabini na tano ni haki au ndoto. Dada alitia saini kwa sababu karatasi nyingine haikuwepo.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Katika chumba kile wote wanatumia akaunti moja, inaitwa "Ofisi." Mchezo ukifika, wa kwanza kuugusa ni mpiga picha wa jarida, anacheza asubuhi ili apate picha za ukurasa. Jumanne alicheza kuanzia ghorofa ya chini, akafika ya tisa, akaseivu mchezo hapo hapo, akaenda zake. Profesa akaingia baada ya chakula cha mchana, meno bado anayachokoa. Alama zilitakiwa kutoka saa kumi kamili jioni, siyo kabla, na ole wake mwenye kuchelewa. Akashika padi. Menyu ikaja na maneno mawili: *Anza Upya*, *Endelea*. Akabonyeza *Endelea*.

Nilimwona. Nilikuwa nimeshika springi kwa kibanio, hatua mbili kutoka kwake.

Akatokea ghorofa ya tisa, mbele ya lifti. Hajui mluzi. Akaingia, lifti ikamwangusha. Akaingia tena, ikamwangusha tena. Akaapa, akaziacha lifti, akapanda ngazi. Ghorofa ya kumi kwa ngazi, ya kumi na moja kwa ngazi.

"Huu nao ni mchezo wa lifti au wa magoti?" akauliza, na chumba kizima kikacheka.

Nikasema, "Profesa, hapo sio mwanzo."

Hakugeuka. "Fundi, wewe tengeneza padi. Mimi natengeneza maoni."

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Liandike hilo, nami nimeliandika. Nilipoajiriwa nilimwambia mhariri wazi kwamba dada yangu anatengeneza michezo, naye akaniambia, "Siku mchezo wake ukiingia hapa, mdomo wako uwe na kufuli." Basi nikajificha nyuma ya kufuli hilo. Nilirudisha springi mahali pake nikakaza skrubu nne, taratibu kuliko nilivyowahi kukaza skrubu, huku mtu anapanda ngazi kwenye mchezo wa lifti na anatafuta maneno ya kuuzika.

Saa kumi sita ikatoka. Aya ya tatu: "Mchezo haukufundishi chochote. Mhusika hana chanzo wala sababu, na lifti zake zinaua bila onyo. Kimsingi, ni ngazi, ngazi, ngazi."

Nilikwenda kwa dada jioni ile. Alikuwa amekaa jikoni na simu imeegemezwa kwenye birika, mumewe amesimama nyuma yake.

"Shemeji, karibu kwenye msiba," akasema mumewe. "Marehemu alikuwa na ghorofa arobaini, amefia kwenye ngazi."

"Hebu nyamaza," dada akasema. Alikuwa anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama. "Huyu hakupiga mluzi. Hata mara moja. Inawezekanaje? Mama mfagiaji hakuruhusu utoke ghorofa ya chini kabla hujapiga mluzi mara tatu. Mlango wenyewe haufunguki."

Akaniangalia.

"Mdogo wangu. Leo ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa."

"Umeona nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atapiga kelele. Alizima simu, akaifuta kioo kwa upindo wa kanga, akaiweka kifudifudi.

"Wengine wametoa zao," akasema. "Tumesimama sabini na nne na vichembe. Sita yake ingekuwa saba, tungevuka." Akaisogeza simu kando. "Sikutaka anipe saba, unanielewa? Mchezo nautengeneza mimi, mapungufu yake nayajua kwa majina. Kama ameucheza akaona ni wa sita, mkono wangu nampa. Lakini hakuucheza."

"Dada, nilitaka kusema..."

"Ulitaka. Sasa nenda kaseme."

Jumatano asubuhi nikamkuta mhariri. Ofisini wanamwita Bi Mkubwa, na si kwa umri. Nikamwambia mbele ya Profesa, maana sitaki kumsema mtu kisogoni. Nikawasha mashine, nikafungua kumbukumbu ya akaunti ya "Ofisi." Ilikuwa yote pale: asubuhi, ghorofa ya chini hadi ya tisa, alasiri, ya tisa hadi ya kumi na nne. Ghorofa tano, zote kwa miguu. Nikaanza upya, nikampa Bi Mkubwa padi. Mama mfagiaji akatokea na ufagio wake, akasema, "Kabla hujapanda, mwanangu, jifunze kusikiliza."

Bi Mkubwa alicheza dakika kumi. Akapiga mluzi, lifti ikaitika, akapanda hadi ghorofa ya tatu. Niliona anataka kwenda ya nne. Akaiweka padi chini.

"Mpiga picha hakuniambia kwamba ameseivu," Profesa akasema.

"Hukuuliza," nikasema.

"Kimsingi, hata ningeanza mwanzo, ningeupa sita."

"Basi ucheze, uupe hiyo sita ukiwa umeiona. Hatutalalamika."

"Muda huo nautoa wapi? Kesho nina michezo mitatu hapa."

"Ya katikati?"

Bi Mkubwa akavua miwani.

"Fundi, kosa lipo, silikatai. Aya ya tatu nitaiondoa leo hii. Lakini alama ikishatoka hairudi. Nikibadilisha moja, kesho kila msambazaji yuko mlangoni kwangu na ndugu yake."

"Yaani mnafuta ushahidi, hukumu mnaiacha?"

"Nasahihisha maneno."

"Mtaandika kwamba mmesahihisha?"

"Kwa nini tuamshe yaliyolala?"

Funika kombe mwanaharamu apite. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia, nikaongeza kwamba watu kumi na mmoja watapoteza kazi Ijumaa kwa sababu ya kitufe kimoja na uvivu wa kuuliza. Nikamkumbusha mchezo wa mpira na kushoto kulikokufa. Nikamtajia na mingine, mwaka na alama zake, mpaka akainua mkono.

"Ulikuwepo chumbani," akaniambia polepole. "Ulijua sio mwanzo. Na wewe ukanyamaza. Sasa unanipigia kelele mimi?"

Hilo lilinipata. Halijanitoka. Lakini kuna tofauti, nami nilimwambia: mimi kosa langu nimelileta mwenyewe mezani kwako mchana kweupe, la kwako unatafuta zulia la kulifunikia.

Akaniomba ufunguo wa chumba. Nikampa. Profesa alikuwa ameshashika padi, anafungua mchezo mwingine, na nilipopita nyuma yake nikaona kidole chake kinaelea juu ya menyu. Akageuka kunitazama. Akabonyeza *Anza Upya*, akarudi kwenye skrini kana kwamba siku zote ndivyo anavyofanya. Kwa mchezo wa mtu mwingine.

Leo ni Alhamisi, na aya ya tatu imeshaondolewa. Pale ilipokuwa hapana hata alama ya kidonda. Sita iko pale pale, na sasa haina hata sababu: maneno yaliyobaki yanausifu muziki na kusema jengo linavutia. Ukisoma utadhani mtu alikosea tarakimu. Dada amewaambia wenzake waje kesho kama kawaida, wavae vizuri. Mmoja ameshaanza kung'oa picha za watoto wake ukutani, akaambiwa azirudishe.

Sasa wewe. Usiniambie huna la kufanya. Anwani ya mhariri iko chini ya ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo ambazo hujawahi kuzisoma. Mwandikie. Usimwombe saba, hatuombi sadaka. Mwambie Profesa akae kwenye kiti, aucheze ule mchezo kuanzia ghorofa ya chini, atoe alama anayoitaka, na chini ya alama hiyo aandike amecheza saa ngapi na kutoka wapi. Mwambie hutafungua tena ukurasa wake mpaka kila hukumu iwe na saa zake. Mwambie jirani yako naye aandike, na shemeji yako, na yule kazini kwako anayejifanya anajua michezo yote.

Msambazaji anahesabu kesho saa kumi jioni. Mchezo unachezeka mpaka juu kwa saa tisa, nami nimepiga hesabu: akianza leo, anawahi. Funga jarida. Andika sasa hivi.