Mapengo ya Mama

Doa lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, jekundu, katikati ya pazia jeupe la mteja ambaye angekuja kulichukua mchana ule ule. Mwenye karakana, tuliyemwita Mama Mkasi kwa sababu ya ulimi wake, aliliona kabla hata hajaweka mkoba chini.

"Vidole mezani!" alisema. "Wote."

Tukaviweka. Mpiga pasi alivigeuzageuza vyake kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Vyangu havikuwa na hata mkwaruzo. Mama Mkasi alitukagua, akarudi kwenye pazia, akarudi kwetu.

"Kwa hiyo pazia limejichoma lenyewe?"

"Bosi, siku hizi lolote linawezekana," mpiga pasi akasema.

Nilirudi kwenye cherehani yangu, nikamalizia pindo nililoliacha, nikainama kukata uzi kwa meno kama nilivyozoea. Nilipoinua kichwa, uzi ulikuwa mweupe hadi pale ulipogusa mdomo wangu. Kuanzia hapo ulikuwa wa waridi.

"Kumbe ni wewe," Mama Mkasi alisema. Kisha sauti ikamshuka. "Mwanangu, unatoka damu mdomoni."

Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonichanganya. Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano. Damu nilikuwa naiogopa kila siku, lakini nilikuwa naitazamia itokee kwingine.

Jioni nilipita kwa mama. Nilitegemea ashtuke. Akafurahi.

"Ameanza kuchukua," alisema, akaninyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba. "Lipi linacheza?"

"Hakuna linalocheza, mama."

"Litacheza tu."

Mama ana mapengo, na kila pengo lina mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Gego la chini kushoto aliondoka nalo dada yetu mkubwa. La pembeni yake aliondoka nalo kaka. Langu liko juu kulia, nyuma kidogo ya chonge, na halionekani mpaka mama acheke. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nafanya kila kituko ili acheke, nijione. Wengine wana picha zao za utotoni ukutani; sisi tulikuwa na kinywa cha mama.

Pengo la mwisho, la chini kwa mbele, ni la mdogo wetu. Alizaliwa wa miezi saba, akawekwa kwenye chumba cha joto hospitalini, tukamwita Kifaranga. Siku hizi anainama kupita mlangoni lakini jina limebaki. "Wewe ulikuwa mkali," mama humwambia. "Uso ulivimba mpaka nikaufunga kwa kitambaa. Sili, silali. Ulikuwa na haraka na jino langu, ukatoka kabla ya wakati wako." Na Kifaranga huvimba kichwa kama aliyeshinda mbio.

"Sasa sikiliza," mama aliniambia jioni ile. "Mswaki uache. Unamwaga damu ya mtoto kwenye sinki."

Mama Mkasi alikuwa ameniambia nisukutue maji ya chumvi. Mume wangu aliuliza simu.

"Hapa wanasema ni kawaida kwa wajawazito," alisema, akatelezesha kidole. "Hapa wanasema ni hatari."

"Sasa nishike lipi?"

"Simu inasema yote mawili, mke wangu."

Nikamsikiliza mama, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na uhakika. Nikauacha mswaki. Damu haikupungua. Fizi zilituna, zikawa laini na kung'aa, na kila nilipong'ata mkate niliacha alama nyekundu. Nilianza kuzungumza mkono ukiwa mdomoni, kwa sababu ya harufu. Mume wangu alijifanya haisikii, nami nikajifanya sijui kwamba anajifanya.

Siku ya kliniki mama alinisindikiza. Nesi alimsikiliza mtoto, akaridhika, akaniuliza swali. Nikajibu.

"Ondoa mkono, dada, sikusikii."

Nikauondoa. Akatazama, akaacha kuandika. "Nenda jengo la meno. Leo, siyo kesho."

Kwenye jengo la meno, msichana wa mapokezi alilitazama tumbo langu. "Una mimba? Meno hatugusi mpaka ujifungue."

"Unaona?" mama akaninong'oneza. "Hata wao wanajua."

Nilihisi nafuu, halafu nikaona aibu kwa kuhisi nafuu. Nesi kanituma, huyu kanirudisha, na mtoto tumboni anacheza zake bila habari. Nilikuwa nimeshageuka niondoke pale daktari, mwanamke wa rika langu aliyevaa kandambili za mpira, alipotokeza mlangoni na kikombe cha chai.

"Nani huyo haguswi?" aliuliza. Msichana wa mapokezi akaanza kupanga kalamu zake.

Mama aliingia nasi bila kualikwa. Kabla sijaegemea kiti vizuri, alikuwa ameshasimama kati yangu na daktari.

"Msiling'oe. Jino hilo lina mwenyewe."

"Lina mwenyewe?" Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Mwenyewe nani?"

Mama akafungua kinywa, akamwonyesha. Huyu, huyu, huyu hapa kwenye kiti, na huyu wa mwisho. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na sikuona kicheko usoni mwake.

"Mama, mtoto hachukui jino," alisema taratibu huku akivaa glavu. "Mimba inazifanya fizi zivimbe upesi. Uchafu ukikaa pale, vijidudu vinazishambulia, mwisho jino linakosa pa kushikilia. Sing'oi kitu leo. Nasafisha tu. Na wewe dada, mswaki uliuacha?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikumtazama mama.

"Mtoto yuko salama?" niliuliza. Hilo tu ndilo nililotaka kujua tangu siku ya pazia.

Daktari alivuta kigoda, akakaa. "Kina mama wenye fizi zinazoumwa sana wameonekana kujifungua mapema mara nyingi zaidi, au kupata watoto wenye uzito mdogo. Kama ni fizi ndizo zinazosababisha, hatujui kwa hakika. Siwezi kukuahidi kwamba nikizisafisha atakaa mpaka mwisho. Ninachokijua ni kwamba kusafisha hakutamdhuru, na kidonda mwilini mwako hakimsaidii."

Nilitaka ndiyo au hapana. Nilikuwa bado nayapanga maneno yake kichwani pale mama aliposema, "Na jipu je?"

"Jipu gani, mama?"

"Hapa." Aligusa pengo la chini, la mbele. "Lilivimba mpaka kidevu kikapotea. Huyo ndiye aliyezaliwa wa miezi saba."

Daktari aliuelewa mzigo wa swali, nami niliuelewa, na sote wawili tuliogopa kusogea.

"Siwezi kujua, mama."

"Nimekuuliza ndiyo au siyo."

"Sijui. Kweli sijui."

Mama alifunga kinywa. Kisha mkono wake ukapanda ukakiziba, vile vile kama wangu ulivyokuwa ukifanya wiki zote zile. Nilitaka kushuka nimshike, lakini daktari alisema nifungue, nikafungua. Taa iliniwakia machoni. Chuma kilikwangua ugaga uliogandia meno kwa sauti niliyoisikia ndani ya fuvu. Nikatema nyekundu, nikatema tena. Sikujua tena kama nalia kwa ajili ya fizi, au mtoto, au mama. Baadaye nilisikia kiganja cha mama mguuni mwangu. Hakikuondoka mpaka kazi ilipokwisha.

Daktari alinipa mswaki laini. Asubuhi na jioni, alisema, hata damu ikitoka. Na nikitapika, nisukutue maji kwanza, nisikimbilie mswaki. Hata baada ya kujifungua nisiache, kwa kuwa vijidudu vinavyotoboa meno humfikia mtoto kwa kijiko alichoonjea mkubwa. Mama alisikiliza akiwa ameuangalia ukuta.

Nyumbani kwa mama, Kifaranga alikuwa anakula amesimama, kama kawaida yake. Mama alimwendea moja kwa moja.

"Nisamehe."

Akaacha kutafuna. "Nimefanya nini tena?"

"Siyo wewe, ni mimi. Labda ni mimi niliyekutoa mapema. Na labda siyo mimi."

Kifaranga akanitazama. Nikatikisa kichwa, bila kujua ninakataa nini.

"Mama, nilitoka mwenyewe," alisema. "Kule ndani hakuna mtandao."

Mpiga pasi wa karakana angecheka. Mama hakucheka. Aliikunja kanga yake, akaingia chumbani, na kuanzia siku hiyo alizungumza nasi mkono ukiwa mdomoni. Mimi wangu nilikuwa nimeuondoa. Fizi zilinywea, damu ikapungua, ikakoma. Nyuzi nikaanza kuzikata kwa mkasi. Lakini kila usiku nililala nikijiuliza kama mtoto ameelewa kwamba anatakiwa kubaki.

Niliporudi kusafishwa mara ya pili, mama alinibebea mkoba. Niliposhuka kitini, yeye akapanda.

"Unaumwa wapi, mama?" daktari aliuliza.

"Sijui. Tafuta wewe. Mtoto akianza uji mimi ndiye nitakayeuonja kama umepoa. Sitaki nimpe tena kitu nisichokijua."

Neno hilo, tena, lilinichoma. Daktari aliwasha taa.

Mtoto alizaliwa miezi ikiwa imetimia, hata akaipita kidogo tarehe aliyopewa. Wa kike, mzito, mwenye hasira. Labda ni mswaki. Labda angekaa tu. Nilishajua jibu ambalo daktari angenipa.

Mama alimpokea, akamnusa, akamlaza kifuani kwangu. Kisha akaninyanyua mdomo kwa kidole gumba. Alitazama juu, akatazama chini, akapitia magego yote, polepole, kama anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna, mama."

Alibaki ameinama, kidole bado hewani. "Sasa huyu akiuliza yeye yuko wapi, tutamwonyesha nini?"

Tulimtazama mtoto, naye akapiga mwayo, kinywa wazi chote, fizi tupu za waridi kutoka upande hadi upande, pengo moja kubwa lisilo na mwisho.

Mama akacheka. Juu kulia, nyuma ya chonge, nikajiona. Mkono wake ulianza kupanda kuelekea mdomoni, ukasita katikati, kana kwamba umesahau ulikokuwa ukienda.