Shokapu za Kumrudisha Kidawa

Mume wangu Maliki ni fundi wa mashua, na ugonjwa wa mafundi wa mashua ni kudhani kila kilichovunjika duniani ni mashua. Siku binti yetu Safia alipojifungua hospitali kule Kilindoni, Maliki alipata simu akiwa kazini, akarukia pikipiki yake akaja mbio kama kijana asiye na wajukuu. Barabara yetu ya Kirongwe ina mashimo ambayo hata mbuzi huyazunguka. Yeye hakuyazunguka. Alifika hospitali kwa miguu, suruali imechanika magotini, akauliza, "Yuko wapi mke wangu mdogo?"

Ndivyo mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike. Akapewa Kidawa amshike, na mimi nikawa nimepata mke mwenza ambaye hata macho bado hajafungua.

Pikipiki ililetwa nyumbani kwa mkokoteni. Shokapu za mbele, zile bomba mbili zinazoshika gurudumu na kumeza mashimo, zilikuwa zimepinda na kuvuja. Ningekuwa mimi, ningempelekea fundi wa Kilindoni. Maliki hakutaka kusikia. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa upande wa mama, na arobaini ikipita, babu mzaa mama ndiye huwarudisha mzazi na mwanawe kwa mume. Gari la kukodi, alisema, ni la wasio na wazee. Isitoshe Safia alizaa kwa kupasuliwa, na akikohoa tu hushika tumbo. Shokapu zikigonga, zitamgonga kwenye kidonda.

Basi akazifungua pale uani. Bomba alizibana kwenye panda ya mkorosho, akazinyoosha kwa gogo, kidogo kidogo, kama anavyopinda ubao wa mashua. Kisha akang'oa kioo cha kabati langu la vyombo, akakilaza chini na kuzibiringisha juu yake, huku akichungulia kama mwanga unapita. Kioo changu! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Lakini zilinyooka, haki yake nampa.

Kosa lilikuja kwenye mafuta. Mtu mwingine angenunua oili ya shokapu. Maliki akatia sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua, kwa kuwa chombo kilichopakwa sifa, alisema, hakimsumbui mwenyewe. Asubuhi ile ile zikavuja. Paka wote wa Kirongwe wakahamia kwetu.

"Baba, mie siipandi hiyo," Safia akasema, kanga puani. "Mtoto atafika kwa babaye Juani ananuka papa, mama mkwe aseme simwogeshi."

"Sili ndizo zilizokwisha," akajibu Maliki. Sili ni zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke. "Nimeagiza Dar. Zikija, naziosha bomba, natia oili yake, tunakwenda."

Arobaini ikafika, ikapita. Sili hazikuja. Mkwe wetu Shaibu, ambaye alimwona mwanawe mara moja tu kabla ya kwenda dago, kambi ya wavuvi kule Shungimbili, alisharudi kwake kisiwani Juani, na kila jioni alipiga simu kuuliza safari. Jibu lilikuwa lile lile: boti haijaleta. Boti ilileta saruji, magodoro, soda na watalii. Pete mbili za mpira tu ndizo zilizoishinda.

Nilizikuta Alhamisi, nikifua kanzu yake ya Ijumaa. Zilikuwa mfukoni, ndani ya kipakiti chake, na karatasi ya kipakiti ilishachakaa kwa kukaa humo. Damu ikanichemka. Nikatoka uani na maneno yangu nimeyapanga, makali kama kisu cha nazi.

Maliki alikuwa amekaa kivulini, Kidawa mapajani, mikono ameisugua kwa ndimu mpaka imepauka. Alikuwa akimwonyesha bomba la shokapu.

"Hii, mke wangu, ilipinda nikija kwako," alimwambia. "Huko Juani kuna babu mwingine. Si mtu mbaya, namjua. Ila hajui mambo yako. Ukilia atasema una njaa, nawe huna njaa, wataka kutembezwa tu. Sasa nani atamwambia?"

Kidawa akamkazia macho, kisha akacheka, ufizi mtupu. Maliki naye akacheka, na yeye meno yake si mengi.

Nikageuka na maneno yangu. Nilirudi ndani, nikakirudisha kipakiti mahali pake. Nasema bila haya, nilimpenda mwanamume yule saa ile kuliko siku ya ndoa yetu. Na kusema kweli, hata mimi sikuwa na haraka.

Lakini jioni nilimsikia Safia nyuma ya nyumba, anaongea na mumewe kwenye kile kisimu chake cha tochi.

"Anacheka vipi?" Shaibu aliuliza, sauti yake ikinifikia hadi nilipo. "Hebu niigizie."

Safia akajaribu kuiga kicheko cha mtoto. Akajaribu tena. Mara ya pili kilimtoka kilio.

Asubuhi nilimwandalia Maliki mihogo ya nazi, nikafunika kwa kawa. Alipofunua, sili mbili zilikuwa zimelala kwenye sahani, kando ya mihogo.

"Boti imefika, Baba Safia," nikamwambia.

Alizichukua, akazifuta nazi kwa kidole. "Akiniona mimi anacheka, Biasha."

"Najua. Babaye hajaona."

Alikula, akanawa, akaanza kazi. Mimi nilimshikia bomba, yeye akazikandamiza sili taratibu, akatia oili safi kwa bomba la sindano, sawa kwa sawa. Kisha akanipakia nyuma na bakuli la uji mkononi, tukapita mashimo yote mpaka msikitini na kurudi. Uji haukumwagika.

Kesho yake tukaondoka, Safia na mtoto wakiwa nyuma yake, mimi nikifuata na mizigo kwa bodaboda ya jirani iliyonitikisa mpaka meno. Mbele yangu niliona gurudumu la Maliki likizama na kuinuka, na mabega ya Safia yametulia.

Pwani ya Utende, penye kuvukia kwenda Juani, Shaibu alikuwa amesimama majini kando ya mashua yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Maliki alivua kofia ngumu, akajifuta vumbi usoni ili mjukuu amtambue, ndipo akafunua kanga. Kidawa alikuwa usingizini.

"Hakuamka hata mara moja, baba," Safia akasema kwa furaha. "Tangu nyumbani!"

"Mwache alale," Maliki akajibu. Akambusu utosini, akamfunika.

Mashua ikaingia Ghuba ya Chole. Haijafika mbali tukamsikia Shaibu akipaza sauti kama mtu aliyevua nguru: "Anacheka! Mama Kidawa, anacheka!"

Tulirudi wawili, mimi nimemshika kiuno. Shokapu zilikuwa kimya njia nzima. Karibu na nyumbani akapunguza mwendo.

"Biasha."

"Labeka."

"Ningeziacha zigonge kidogo."